Jogoo wa Upande wa Mama

Dukani kwa Fundi Saa,
Jumatano, baada ya chai ya saa nne.

Kwa Mkwe Mwenzangu, baba wa mkaza mwanangu, na babu mwenzangu kwa mjukuu mmoja tu tuliye naye,

YAH: JOGOO, CHURA NA WENGINEO

Mpendwa Mkwe,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mama wa nyumba yako na lile goti lako la kushoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye sijambo kwa mwili tu.

Kwa kuwa wewe husomi Kiswahili, na mimi lugha yako nimeishia kwenye maneno mawili, la kusalimu na la kushukuru, ambayo bado nayachanganya, barua hii itatafsiriwa na binti yako. Mkaza mwanangu, najua unasoma hapa kwanza. Najua pia moyo wako ulivyo. Ukifika mahali pachungu usipatie sukari. Baba yako ni mtu mzima, atahimili.

Nakwenda kwenye jambo lenyewe. Mjukuu wetu ana miaka miwili na miezi miwili na hajasema neno. Masikio yamepimwa, yako safi. Anasikia hata karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili. Anacheka, anakunja uso, ananyoosha kidole, na ukimpa kitu asichokitaka anakurudishia kwa adabu. Kusema ndiko bado. Huku tunamwita Hakimu, kwa sababu anasikiliza kila upande bila kuonyesha moyo wake umelalia wapi. Wewe na mimi tunajifanya hatuna wasiwasi. Mimi ninao. Nimeona nilitangulize hilo, ili ujue ukali wa barua hii unatokea wapi.

Unakumbuka kwamba dada wa kliniki aliwaambia wazazi wake wasubiri, na wakati wanasubiri wamzoeze milio ya wanyama, kwa sababu ni myepesi kwa mdomo wa mtoto. Ulikuwa ushauri mzuri. Dada yule alikosea jambo moja tu, hakusema milio ya wanyama wa nani.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Jogoo. Kila Jumapili saa nne asubuhi mwanangu anapiga simu ya video. Mimi nafunga duka kwa nusu saa, natundika kibao cha NARUDI SASA HIVI, navua kile kioo ninachokibana jichoni, na kusimama mbele ya ukuta wa saa ili mwanga uniangukie vizuri. Nakohoa mara mbili kusafisha koo, maana vumbi la shaba halina huruma, halafu nawika: kokoriko. Nawika kwa moyo wote. Wateja wamenishuhudia. Fundi viatu wa mlango wa pili, mtu ambaye hajawahi kunisifu kwa lolote, amesema kwa mdomo wake kwamba hata macho yakiniishia sitakosa kazi. Nimeifanya kazi hii Jumapili tisa mfululizo bila kukosa hata moja, ukiacha ile ambayo simu ilikatika nikiwa kwenye "koko", na hiyo siihesabu kuwa kosa langu.

Jumapili ya kumi mwanangu akanionyesha kitabu cha picha ulichomtumia mtoto. Ukurasa wa kwanza kuna jogoo mwekundu aliyepanua mdomo, na juu yake pameandikwa kikiriki. Mkwe, nilikaa chini.

Kikiriki ni sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Hapa mezani pangu ninayo saa ya mfukoni inayosema kikiriki kila ukiitia ufunguo, na mwenyewe kaileta nimtengenezee ili iache.

Hata hivyo sikutaka kuhukumu kwa chuki. Nina jogoo wangu nyuma ya duka. Tunamwita Karani, kwa jinsi anavyopita kifua mbele akikagua kazi ambayo si yake. Nilimweka chini ya uchunguzi asubuhi nzima mbele ya mashahidi watatu: fundi viatu, mwalimu mstaafu aliyekuja kuchukua saa yake ya ukutani, na mama wa mboga. Karani aliwika mara tano. Mwalimu alisikia kokoriko mara tano. Mama wa mboga alisikia kokoikoo, ambayo ni ile ile kwa watu wa kwao. Fundi viatu alisema anasikia kelele tu, akaomba arudi kwenye soli yake. Kura yake nimeihesabu kuwa imeharibika.

2. Chura na bata. Ukurasa wa nne wa kitabu chako, chura anasema kwa-kwa. Hiyo ni kazi ya bata. Nikadhani labda huko kwenu mmembadilishia bata kazi, lakini nikaomba nifunuliwe ukurasa wa sita nikamkuta bata naye anasema kwa-kwa. Maana yake wanyama wawili wameajiriwa kwenye nafasi moja na hakuna anayesimamia. Chura wa huku anakoroma, kroo, kroo, kama mtu mzima aliyekula akashiba. Sasa nakuuliza kwa heshima: mtoto akisikia kwa-kwa kando ya dimbwi, akakimbilia kumkumbatia bata, akajikuta ameshika chura, ni babu yupi kati yetu atakayembembeleza?

3. Mbwa. Kitabuni anasema vau vau. Huku mbwa anabweka, na neno lenyewe linakuambia anasemaje: bwe, bwe. Nilimwambia mbwa wa mwenye duka la baiskeli vau vau, kwa sauti ya kirafiki kabisa. Aligeuza kichwa upande akanitazama kama mteja aliyerudishiwa saa ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo hanisalimu.

4. Paka. Hapa sina malalamiko. Nyau yetu na miau yenu ni ndugu wa tumbo moja. Nimeliandika hili ili uone kwamba naangalia haki tu.

5. Namna unavyowika wewe mwenyewe. Mwanangu alinitumia video yako ukimwikia mtoto, nimeiona. Kabla ya kuwika unapiga viwiko mbavuni mara tatu, na goti unalinyanyua juu, lile lile bovu. Mkwe, hayo ni maigizo. Mtoto anatakiwa asikie, wewe unamfanya atazame. Na inaniuma kusema kwamba alicheka mpaka akakaa. Mimi hajawahi kunicheka hivyo. Mimi hunikazia macho kwa utulivu mkubwa, hasa ninapokohoa, kama karani wa mahakama anayeandika kila kitu.

6. Saa ya harusi. Nakushukuru tena kwa ile saa ya mbao uliyotuletea watoto walipooana, ile yenye kijumba na ndege anayetoka kila saa inapotimia. Ni saa nzuri. Katika duka zima ni yenyewe tu ambayo sijawahi kuifungua kuitengeneza, na mimi ni mtu mgumu kusifu saa ya mwenzangu. Lakini ndege wako akitoka anaita ku-ku, na wateja wapya huinama kutazama chini ya benchi. Hilo nilishalizoea. Nisilolizoea ni kwamba Karani, aliye nyuma ya ukuta, amemsikia. Mwanzoni alikuwa anamjibu mara moja moja. Sasa anamjibu kila saa, kwa dakika ile ile. Saa tano barabara ndege wako anatoka, anaita, anaingia, na Karani anawika. Fundi viatu haji tena kuniuliza saa, anamsikiliza jogoo.

Fikiria hali yangu. Jogoo aliyeanguliwa nyuma ya duka langu, aliyekula mahindi ya mkono wangu, anapokea amri kutoka kwa ndege wa mbao wa ukweni. Naogopa siku moja nitafungua mlango wa uani nimkute ameshabadilisha na matamshi.

7. Nyumbani kwangu sina umoja. Bibi wa mtoto nilimtegemea asimame nami. Hana msimamo. Kila Jumapili huvuta kigoda kando ya simu na kapu lake la nguo za kukunja, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa shati langu, na nikimaliza kuwika anasema "Tena." Basi, hana lingine. Nikiwika tena, anasema "Tena." Siku moja nilimwekea rekodi yako ya kikiriki, nikitarajia akunje uso, na wakati huo mwanangu alikuwa hewani na Hakimu yuko mapajani mwake akitutazama. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akaweka soksi chini, akasema "Tena." Nilimweleza kwamba neno hilo halimfundishi mtoto mnyama yeyote. Akasema anajua.

8. Hili la mwisho halimo kitabuni. Siku mtoto atakayofungua mdomo, neno lake la kwanza litakuwa la lugha fulani. Wewe umekaa pazuri. Unapanda treni, baada ya mwendo wa saa tatu uko sebuleni kwao, unamnusa nywele. Mimi nina nusu saa kwa wiki kwenye kioo cha simu chenye ufa pembeni. Lugha hii ndiyo ninayoota nayo, ndiyo ninayotetea nayo kazi yangu mbele ya wateja wasiojua kusubiri, na ndiyo mama yangu aliyonibembelezea. Naogopa, Mkwe. Naogopa siku nitakayokutana na mjukuu wangu ana kwa ana tubaki tunapungiana mikono, yeye upande wake na mimi wangu, kama majirani wa madirisha. Kama hataki kutoka kwangu hata jogoo, atataka nini kingine?

Kutokana na hayo naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia rahisi:

(a) Ukurasa wa kwanza wa kitabu ubandikwe kikaratasi nilichokiambatanisha hapa. Nimeandika KOKORIKO kwa wino mweusi, kwa kalamu ninayochorea namba za saa. Gundi iko nyuma, ilowanishwe kidogo.

(b) Chura apewe likizo mpaka suala lake na bata litakapoamuliwa.

(c) Viwiko vyako vikae chini. Goti nakusamehe, kwa sababu linajiadhibu lenyewe.

(d) Kama huridhiki, uje na jogoo wako. Mimi nitamtoa Karani. Wawekwe chumba kimoja, kila mmoja kwenye kiti chake, na mwamuzi awe mpiga piano, mtu anayesikia noti tu na asiyejali nani kaoa kwa nani. Jogoo wako akisema kikiriki wazi wazi mbele ya piano, nitakubali kushindwa na nitamwandikia Karani barua ya onyo.

(e) Ikishindikana kabisa, tugawane wanyama. Wa kufugwa wawe wetu, wa porini wawe wenu. Simba ni wako, tembo ni wako, uone jinsi ninavyojitoa. Samaki wabaki katikati, kwa kuwa mpaka sasa hawajasema lolote linaloweza kutugombanisha.

(f) Wakati shauri hili linaendelea, tuache kuwika. Wote wawili, kabisa. Mtoto asisikie jogoo wa upande wowote mpaka tutakapopatana. Nitaumia sana Jumapili, na kibao changu sitakitundika, lakini nitavumilia kwa ajili ya usawa.

Nasubiri majibu yako kwa heshima zote. Nisalimie mama wa nyumba, jirani yako yule wa baiskeli ndefu tuliyecheza naye harusini, na dereva wa treni inayokupeleka kwa mjukuu wangu, mwambie asiendeshe haraka sana. Bibi wa mtoto anawasalimu wote. Mwalimu mstaafu na mama wa mboga wanasalimu kama mashahidi. Fundi viatu anasema kama ni lazima, naye anasalimu. Kama unafuga jogoo, nisalimie na yeye pia, hili halimhusu yeye binafsi.

Wako katika ukwe na katika ubabu,

Fundi Saa
(Babu wa Hakimu, upande wa baba)

NYONGEZA. Ijumaa, saa tano kasorobo.

Mkwe, bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua kwa kibanio changu cha kazi, kwa hiyo ukiona pembeni imechanika si watu wa posta.

Binti yako amenipigia sasa hivi. Nilidhani kuna msiba, maana alikuwa analia, halafu nikagundua anacheka, halafu nikagundua ni vyote viwili. Amenieleza kwamba umefika kwao juzi kwa treni. Jana mchana yeye alikuwa jikoni, mwanangu alikuwa anatengeneza bomba la bafuni, na wewe ulibaki sebuleni peke yako na Hakimu. Ukamwikia. Kikiriki, viwiko, goti, kila kitu. Anasema uliwaambia kwamba ulipomaliza, mtoto alikutazama, akakohoa mara mbili kama mzee mwenye vumbi kooni, kisha akasema neno. Akalisema mara ya pili, kwa nguvu zaidi.

Ukaliandika kwenye kiganja ili usilisahau. Halafu ukachukua kile kitabu, ukakaa chini na goti lako, ukakipitia ukurasa kwa ukurasa, mnyama kwa mnyama, ukimwonyesha mtoto punda, ukimwonyesha kobe, ukimwonyesha fisi, na yeye anatikisa kichwa. Jioni mezani ukafungua kiganja na kumwuliza binti yako, kwa uzito wote: kwa Kiswahili, ni mnyama gani anayesema tena?

Binti yako anasema alikimbilia jikoni akakaa sakafuni akicheka mpaka ukaenda kulala umemkasirikia. Mwanangu naye kakataa kukueleza. Wanasema neno limetoka kwenye nyumba yangu, basi mwenye nyumba alieleze.

Mkwe, si mnyama. Ni neno la bibi yake, lile la kwenye kapu la nguo. Maana yake ni kwamba ulichokifanya kimempendeza na anataka ukifanye mara nyingine. Alikuomba mara mbili. Miaka miwili na miezi miwili mtoto wa watu amekaa kimya, siku anaamua kusema anaomba kikiriki, na wewe unamwonyesha kobe.

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yangu namba moja hadi saba, pamoja na maombi yote sita, na la (f) nalifuta mara mbili. Namba nane nimekwisha kujibiwa. Hakimu ametoa hukumu kwa Kiswahili, akatanguliza kikohozi changu, na ushindi akakupa wewe, na mimi nimekaa hapa kwenye benchi nacheka peke yangu na kioo cha kazi kimejaa machozi, sioni hata mshale wa dakika. Saa tano imetimia nikiandika, na Karani kawika hivi punde kumjibu ndege wako. Nimesikiliza vizuri, bila mashahidi. Kusema kweli sikuweza kutofautisha.

Barua itakufuata kwa posta, kwa kuwa bibi wa mtoto anasema karatasi nzuri haitupwi. Lakini nyongeza hii namsomea binti yako kwa simu sasa hivi, akutafsirie hapo hapo ulipo, maana mtoto anasubiri tangu jana. Inuka, Mkwe. Viwiko mbavuni. Goti pia, kama litakubali. Iwe ile ile kikiriki, usibadilishe herufi hata moja. Nakuomba kitu kimoja tu: kabla hujaanza, kohoa mara mbili.